Specioza Afundishwa Kukaa

Daktari alimpa Specioza adhabu ambayo hata adui yake asingeifikiria: akae. Wiki sita asiiname, asifagie, asinyanyue ndoo. Walikuwa wamemtoa uvimbe tumboni na mshono ulikuwa bado mbichi. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu na kuegemeza mgongo. Specioza aliuliza kama wiki sita zinaweza kuwa tatu.

Pale Mwaloni, Kirumba, anakochambua na kuuza dagaa, wenzake humwita Pangaboi, kwa sababu akishawashwa asubuhi hasimami mpaka umeme ukatike. Nyumbani kwake Pasiansi sufuria zilipangwa kwa ukubwa, na hata ufagio ulikuwa na msumari wake. Kwa mtu wa namna hiyo kiti cha plastiki barazani ni jela.

Mumewe, Osward, alikuwa mgodini Geita na angerudi mwisho wa mwezi. Dada wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa Magu, wiki moja kabla ya operesheni. Jirani yake Rebeka alijitolea kuchota maji na kusonga ugali wa jioni. Kazi zilizobaki ziliwaangukia watoto: Precious wa miaka saba, na Jovinary wa miaka minne, ambaye mpaka siku ile kazi yake kubwa ilikuwa kupoteza ndala.

Ingekuwa ni vumbi tu, angevumilia. Lakini mama mkwe wake, Ma Kokulinda, alikuwa amepiga simu kutoka Muleba.

"Specioza mwanangu, nakuja Jumamosi. Nikikuta nyumba imewashinda, Jumapili naondoka na wajukuu wangu. Watasoma huku mpaka upone kabisa."

Yalisemwa kwa upendo, na ndiyo maana yalitisha. Specioza mwenyewe alipelekwa kwa bibi yake akiwa na miaka mitano, kwa muda kidogo tu, mama yake alipougua. Huo muda kidogo ulikwisha akiwa na miaka kumi na miwili. Siku aliyorudishwa alimwamkia mama yake mzazi kama anavyoamkiwa mgeni, na mama akaingia ndani kulia. Sasa aliogopa yasije yakamkuta yeye. Aliogopa kweli kweli, wala hakuna neno jingine la kupamba hofu hiyo.

Basi akaanza kuwafundisha watoto kazi. Jumatatu Precious alifagia uwanja kuanzia mlangoni mpaka getini, kisha akarudi akikanyaga pale pale alipokwisha kufagia. Jovinary aliambiwa apange vijiko, akavipanga ndani ya kiatu cha baba yake. Mama yao alikaa kitini magoti yakimchezacheza.

"Vizuri, mwanangu. Vizuri sana. Si hapo. Pembeni. Kushoto. Kushoto kwako, Precious!"

Walipokwenda shule, akainuka. Kidogo tu, alijiambia. Akasugua upya sufuria zote, akafagia kona mbili ambazo zikawa nne, akavitoa vijiko kiatuni. Mshono ulimchoma kama pasi, akarudi kukaa akihema. Jumanne akafanya vivyo hivyo. Jumatano hakujiambia tena kwamba ni kidogo.

Mtoto si mjinga. Alhamisi Specioza alifunua sufuria iliyooshwa na kukuta ukoko wa ugali umetulia chini.

"Precious! Hii sufuria umeiosha?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini?"

"Kwani si utarudia, mama?"

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Specioza, ambaye pale Mwaloni hakuna mchuuzi aliyewahi kumshinda kwa maneno, aliifunika sufuria taratibu.

Jumamosi asubuhi Precious alikuja barazani mikono kiunoni. "Leo bibi anakuja. Kahawa nitaandaa mimi. Usirudie."

"Sirudii."

"Apa."

"Haya, naapa."

Kahawa yenyewe si ya kunywa. Ni buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, na kwa Wahaya mgeni hupewa hizo kabla ya neno lolote la maana. Zilikaa kabatini ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Specioza alimwona mtoto akipita na kikapu na karai la maji kwenda nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe kubwa wanaloanikia dagaa. Alikaa huko muda mrefu. Kuna nini cha kuchukua muda wote huo? Specioza alishika mikono ya kiti kwa nguvu, maana miguu ilikwisha kujipanga kwenda kuangalia.

Alasiri Ma Kokulinda akafika na mkungu wa ndizi. Precious akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kikapu kikasogezwa. Bibi akachukua buni mbili, akatia mdomoni, akatafuna. Halafu taya zikasimama. Machozi yakamlengalenga. Specioza hakujua kosa ni nini, ila alijua lipo. Mgeni wa Kihaya hatemi kahawa ya mwenyeji. Kuitema ni kumwambia kwamba humwamini. Bibi akameza.

"Nani ameandaa kahawa hii?"

"Mimi, bibi. Na mama hajarudia."

Bibi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mkwe wake kwa muda. "Niongeze moja," akasema.

Tangu hapo alikaa akitazama. Precious alimenya ndizi, na kila ganda likaondoka na nusu ya ndizi yake. Jovinary alibeba kikombe cha maji, akafika nacho kikiwa kitupu. Kila kitu kilipodondoka Specioza aliinuka, na kila alipoinuka bibi alisema, "Kaa." Walipofika kwenye kunawa mikono, Jovinary alikuwa akilisema neno hilo pamoja na bibi yake.

Jumapili baada ya misa, Specioza alikuta ule mfuko mkubwa wa safari uitwao shangazi kaja umejaa, uko mapajani kwa mama mkwe. Juu kabisa ilionekana sketi ya shule ya Precious.

"Mama, tafadhali," akasema. "Nyumba haijatushinda. Nitaamka mapema, nitafagia mwenyewe, nitaosha..."

"Hayo ndiyo yananitisha. Mimi wa kumchukua ni wewe! Hawa ningewaacha hapa hapa, wale ndizi na maganda yake, wala wasingekufa. Lakini wakiwa hapa wewe huachi kuinuka inuka, na mshono utafumuka. Hapo sitawalea wiki sita, Specioza. Nitawalea mpaka waoe na kuolewa." Akageuka. "Precious, mletee mama yako kahawa."

Specioza akatia buni mdomoni, akatafuna mara moja. Sabuni. Sabuni ya mche, tena ya kutosha! Kumbe mtoto aliziona buni ni nyeusi, zina vumbi, akazisugua kama vyombo, akazisuuza harakaharaka na kuzianika juu ya jiwe. Na Ma Kokulinda, mtu mzima, alikuwa amezila, akaomba nyingine.

Visigino vilikwisha kuinuka. Kwenye lile kabati kulikuwa na pakiti nyingine ya buni. Hatua sita tu, angezibadilisha, angeosha kikapu, angemwonyesha mtoto.

"Utarudia?" Precious aliuliza. Alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili.

Bibi hakusema "kaa". Safari hii alishika tu zipu ya mfuko.

Specioza akashusha visigino. Akatafuna. Povu likamjaa mpaka kwenye fizi, akatafuna tena, akameza.

"Niongeze moja, mwanangu."

Ma Kokulinda akaufungua mfuko. Akatoa sketi, akatoa mashati, akatoa soksi, akavirundika mikononi mwa Jovinary. "Haya, baba, virudishe mahali pake."

Jovinary akaondoka na nguo zimemfika puani, akapitiliza mlango wa chumbani, akaingia jikoni. Akafunua ile sufuria kubwa, akazishindilia zote ndani, akafunika kwa mfuniko. Specioza aliona yote hayo kutoka pale alipokuwa, sketi ya shule na kila kitu, na akakaa.