Shamba la Dada Fundi

Dada yangu ni fundi cherehani, na katika ukoo wetu mwenye akili ni yeye, ukiniondoa mimi. Mumewe alipomfukuza alirudi kwa baba, akamuuguza mpaka akamzika, na pori la baba akaligeuza shamba. Asubuhi jembe, jioni cherehani. Hati ya ardhi hatukuwa nayo. Baba akiombwa agawe, huuliza, "Mnanichimbia kaburi?" Basi akafa na mgawo wake kichwani.

Ndipo akazuka kaka yetu mkubwa, tunayemwita Mwenyekiti maana hata msibani hukaa kiti cha mbele. Mtu hajashika mpini maisha yake yote, leo kaleta mnunuzi! "Mtoto wa kike kwao ni kwa mumewe," akasema. Ningemzaba kofi, ila nikipiga mimi mtu haamki. Nikamhurumia.

Dada akaenda ofisi ya ardhi. Afisa akaja shambani na wapimaji wenye kamba, akataka kila anayedai atembee mpaka wake mbele ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa shahidi wa Mwenyekiti, keshalainishwa. Mwenyekiti akatangulia na viatu vinavyong'aa. Kumwona mnunuzi anatabasamu, tamaa ikampanda. Akauvuka ua wa miti, akaenda kusimama katikati ya migomba ya jirani.

"Mwisho wetu hapa."

"Hapa wapi, bwana?" jirani akauliza. "Migomba hii nimepanda mimi."

"Tulikuazima tu."

"Ahaa. Basi afisa, andika: huyu namwona kwenye misiba tu. Mpaka ni ule ua, na anayelima ndani yake ni dada yake."

Nilicheka mpaka nikakemewa. Dada hakucheka. Afisa akakata shauri: hakuna kuuza. Shamba litaandikwa majina ya watoto wote watatu, wa kike sawa na wa kiume, kila mmoja apimiwe lake.

"Dada, haya tungeyamaliza kifamilia," Mwenyekiti akabembeleza.

"Ulipotaka kunitupa barabarani, ilikuwa familia ipi?"

Nami, kwa ukarimu wangu unaojulikana, nikatangaza kwamba fungu langu namwachia dada.

Akanigeukia. "Unaniachia ulicholima lini? Shika kamba, wapimaji wanasubiri."

Mimi, niliyewahi kumnyamazisha diwani mkutanoni, nikashika kamba kimya. Mwenyekiti nikamsukuma pembeni, asitukanyagie mahindi.