Herufi Nono za Baba

Harufu ya rangi ya mafuta ikinipiga puani, huacha kazi niliyoshika. Juzi jirani yangu hapa Nchiru alipaka mlango wa kibanda chake, nami nikafunga duka langu la kuchapisha mabango, nikaenda kulia chooni. Naam, chooni, mtu mzima na akili zangu.

Baba alikuwa mwandishi wa mabango kule Nkubu, yale ya kuchorwa kwa brashi. Bucha, vinyozi, hoteli za chai, zote zilivaa herufi zake: nene, za mviringo, zisizo na kona hata moja. O yake ilikuwa kama andazi lililoumuka vizuri. "Herufi lazima ishibe," alipenda kusema. "Mwenye njaa akiiona, aingie." Mwandiko mwingine hakuujua, wala hakuutaka.

Mama aliugua mwaka mzima. Alikonda hadi nikimwosha mgongo niliogopa kusugua. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alijitenga nyuma ya nyumba na msalaba wa mbao siku nzima, akauandika mwenyewe: DORIS KAGENDO. Herufi zilezile nono, nyeusi tititi juu ya rangi nyeupe.

Siku ya mazishi, pale shambani kando ya migomba, nilisikia shangazi zangu wawili wakinong'onezana.

"Ai! Sasa huu ni msalaba ama ni hoteli?"

Wakacheka ndani ya leso. Jamani, aibu niliyoona! Jioni nikamwendea baba.

"Umemfanya mama kama bucha. Watu siku hizi wanaweka stika za kompyuta, maandishi membamba, mazuri."

Hakunigombeza. Akasema, "Nilitaka tu aonekane ameshiba, mwanangu."

Sikumwelewa. Nilinuna wiki nzima, hadi akazifunika herufi zake kwa rangi nyeupe, tukabandika stika kutoka mjini. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwaka jana baba naye aliaga. Tulipomlaza kando ya mama, nilikuta stika imeliwa na jua na mvua, haijabaki hata herufi moja. Miaka yote hiyo aliupita msalaba ule mtupu kila asubuhi na hakuugusa, kwa sababu mimi nilimkataza.

Kompyuta yangu ina herufi nene za mviringo. Wenye saluni wanazipenda mno. Niliwahi kuandika jina la mama kwa herufi hizo, nikalifuta. O zote zilitoka sawasawa, na hakuna aliyezilisha.

Ugonjwa ulimla mama, na baba alikuwa akimrudishia mwili kwa njia pekee aliyoijua. Nami nikamnyang'anya.

Siku ile ya kumzika baba, waombolezaji walipoondoka, nilipiga magoti mbele ya msalaba wa mama nikaikwangua ile rangi nyeupe kwa kucha, nikiitafuta D. Ilibanduka vipande vipande, na nyeusi ikatoka nayo.