Mlango wa Kibanda cha 61

Laurette akishika kitambaa hufumba macho. Pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa ambalo mgeni anaweza kuzunguka kutwa nzima asilione tena duka alilotoka, husimama mbele ya muuzaji, akasugua ncha ya jora kwa kidole gumba na cha shahada, kisha akatoa hukumu: "Hii itachuja." Muuzaji huapa kwa Kichina kwamba haitachuja. Laurette huitia mate kidogo, akaisugua kwenye leso yake nyeupe, akamwonyesha laoban, maana ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, doa la bluu. Bei hushuka hapo hapo. Ile leso nadhani haijawahi kuona pua.

Mimi ni Imelda, mtu wa Bukoba, nasoma shahada ya uzamivu hapa Guangzhou. Ninachosomea ni bajeti za serikali za mikoa, na usinicheke, mama yangu mzazi amenicheka vya kutosha. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nakula wali kwenye mgahawa mmoja wa Xiaobei, mtaa wetu sisi Waafrika, kitabu nimekifungua kando ya sahani. Mama mmoja wa Kikongo, mrefu, kajifunga kitenge juu ya koti la baridi, akaja akasimama nyuma yangu akisoma bila hata kuomba.

"Wewe njo unasoma ma-budget?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi sogea. Mi iko na moja hapa, nisaidie kuiona."

Ndiye Laurette. Akakaa, akafungua simu. Ilikuwa bajeti ya mkoa wake, kurasa mia na ushee zilizopigwa picha kombokombo, nyingine kichwa chini. Mkoa wenyewe sitautaja. Uko mashariki mwa Kongo, kando ya ziwa, na ukisoma mpaka mwisho utajua ni aibu ya nani ninayoificha. Kifaransa alikijua yeye, mambo ya bajeti niliyajua mimi. Lakini hakutaka kurasa mia. Alitaka ukurasa wa arobaini na moja, na katika ukurasa huo mstari mmoja tu: kujenga upya soko kuu. Mwisho wa mstari palikuwa na neno moja, prévu.

"Maana yake imepangwa," akasema, kwa sauti ya msichana anayetaja jina la mchumba wake.

Laurette alitua hapa Novemba 2019 kwa safari ya majuma matatu. Anunue vitenge, apakie, arudi. Kiwanda kikachelewesha rangi, akaongeza majuma kadhaa, na majuma hayo ndiyo yaliyommaliza. Ugonjwa ukaingia, ndege zikasimama, mipaka ikafungwa. Kwao nako soko likafungwa, na lilipokuwa tupu mkoa ukaona hiyo ndiyo nafasi ya kulibomoa, maana lilikuwa chakavu. Kibanda cha 61 kilikuwa cha mama yake. Laurette alijifunza kutembea akishika miguu ya meza ya kibanda kile, na kuhesabu alijifunza kwa majora yake. Mama alifariki 2021, soko limeshakuwa uwanja wa vumbi, na Laurette alimzika kwa simu katika chumba cha ghorofa ya tisa, sauti ikikatika.

"Nilisikia koleo," aliniambia. "Uso sikuona."

Miezi michache baada ya msiba, gavana wa mkoa wao alisoma bajeti ya kufufua uchumi baada ya Covid. Laurette aliisikiliza yote kwenye simu, kwa muda wa saa mbili na robo: barabara, zahanati, mbegu za wakulima, mpaka soko kuu likatajwa. Prévu. Akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya vyuma hapa hapa Guangzhou, akaagiza mlango wa bati, ule wa kuvingirisha, wa kuvuta juu asubuhi na kushusha jioni. Fundi alipoomba vipimo, Laurette alinyoosha mikono hewani: pima mbili na shubiri moja. Mama yake kila alipofungua kibanda alipimia wateja kitenge mlangoni, pima mbili kutoka nguzo hii kuelekea ile, na siku zote ilibaki shubiri. Fundi alicheka, akachukua futi, akampima mikono kama anayemshonea gauni.

Mlango huo umeegemezwa kwenye ghala la Abdulsamad, wakala wa mizigo, mtu wa Mombasa, umeviringishwa nailoni. Kila tukienda kupakia mzigo Abdulsamad anaupiga kofi. "Mama Laurette, huyu jamaa akipewa kibali cha ukaazi mimi sitashangaa."

Niliwahi kumwuliza kwa nini asiutume. Akanijibu kwamba mlango hautangulii nyumba. Nikamwuliza basi kwa nini yeye asiende, mipaka imefunguliwa zamani, tiketi zipo. Hapo alinikasirikia kweli.

"Niende nikakae wapi? Kwa Frédéric, niangalie televizyo? Kwetu mi ni pale kwenye kibanda. Soko ikisimama, nirudi siku ile ile."

Frédéric ni mdogo wake. Kila mwezi Laurette anamtumia marobota ya vitambaa, yeye na mkewe Odette wanauza nyumbani, barazani, au hivyo ndivyo alivyosema. Kila Laurette alipomwuliza habari za soko alijibu kwa maneno mawili: ngoja kwanza. Waswahili tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huyu mwanamke alikuwa na njaa ya miaka mitano. Ameniambia harufu ya dagaa wabichi wa asubuhi humjia akiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, akashuka kituo kisicho chake akiitafuta. Aliniambia jambo hilo huku anacheka, mimi nikashindwa.

Kama msomi niliona ni wajibu wangu kumweleza. Nikamwambia prévu katika bajeti ni nia tu, si fedha. Serikali inaweza kupanga kitu kimoja miaka kumi mfululizo, isitie hata tofali. Akanisikiliza kwa heshima zote.

"Imelda, miye ninajua," akasema. "Unaona hawa Wachina? Ukiuliza kitu, kama haiko anakuambia meiyou. Hakuna. Inauma, lakini unatoka, unaenda duka ya pili. Sisi kwetu hakuna mtu anasema meiyou. Banasema prévu. Sasa mtu ataondoka namna gani?"

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu la utafiti. Profesa wangu aliyapigia mstari.

Mwaka huu bajeti ilipotoka, Laurette alinifuata chuoni mwenyewe, asubuhi, bado ana vumbi la pamba kwenye nywele. Tukakaa kwenye benchi nje ya maktaba. Ukurasa wa arobaini na moja. Barabara ipo, daraja lipo, samani za ofisi za mkoa zipo, tena zimeongezwa. Soko hakuna. Tukapitia kurasa zote za matumizi, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole. Hakuna.

"Maana yake?" akauliza.

Nami, kwa ujuaji wangu wote, nikasema, "Wameufuta, mama. Mradi wasioutaka huwa wanauondoa kimyakimya hivi hivi."

Hakulia. Alikunja miwani, akaitia mkobani, akafunga mkoba, akaufungua tena, akafunga. "Meiyou," akasema. Kisha akaniambia nimwulize Abdulsamad kama anajua mtu wa kununua mlango. Akaenda zake kuelekea kituo cha treni, nami nikabaki pale na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Nilimtukana gavana kwa Kihaya. Nilizitukana na zile samani.

Siku mbili baadaye nilikuwa naandika sura ya mapato ya tasnifu yangu, nikahitaji mfano. Nikafungua bajeti ile ile, safari hii upande wa mapato, upande ambao sikuugusa siku ile kwa sababu mtu anayetafuta soko la kujengwa haangalii kwenye kodi. Nikasoma kwa Kifaransa changu cha kuokoteza: ushuru wa vibanda, soko kuu. Safu ya pili ilionyesha fedha zilizokwisha kuingia, tangu Juni.

Nikasimama maktabani, kiti kikaanguka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilistahili kuambiwa, tena kwa kofi. Mstari wa matumizi hutoweka kwa njia mbili: mradi ukifutwa, na mradi ukiisha. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza. Serikali inaweza kukisia itakachopata kesho, lakini ushuru uliokwisha kukusanywa umetoka mfukoni kwa mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kibanda.

Nilimkuta Zhongda mbele ya duka la poplini, macho kafumba. Nikamwonyesha. Alisoma mara moja, akavaa miwani, akasoma tena.

"Juni," akasema.

"Ndiyo, mama. Soko lipo. Nilikosea, nisamehe."

Nilitegemea atanikumbatia. Hakunikumbatia, kwa sababu alikuwa ameshafika mahali ambapo mimi nilikuwa bado sijafika. Alimpigia Frédéric. Ilikuwa saa kumi alasiri hapa, saa nne asubuhi kwao. Frédéric alipopokea, kabla hajasema allô, simu ilitoa kelele ambayo hata mimi, mtu wa Bukoba, niliitambua: wanawake wanaita wateja, mizani inagonga, mtu anapitisha mkokoteni na kuomba njia. Laurette aliibana simu sikioni akasikiliza tu, kwa muda mrefu, midomo ikicheza kidogo. Nadhani alikuwa akitafuta sauti anazozijua.

"Frédéric, uko wapi?"

Kelele za soko ziliendelea.

"Kibanda ya mama eko nayo nani?"

"Odette, Yaya. Odette anauzisha pale." Laurette alikuwa ameweka spika, nilimsikia vizuri akimwita Yaya, maana kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa. "Walitoa namba mpya, lakini tuliomba, tukapata ile ile. Soixante et un."

"Tangu Juni."

"Tangu Juni."

"Na hamukuniambia."

"Yaya, ungerudi." Sauti yake ilivunjika, na namwekea hilo kwenye mizani. "Ungerudi siku ile ile, ulisema. Ukirudi, bitambaa nani atatuma? Watoto bako masomoni. Tulisema tungoje kwanza mwaka moja."

Laoban wa poplini alikuwa ametusogelea na kikokotoo chake. Alipoona uso wa Laurette akarudi nyuma, akamletea kiti cha plastiki.

Laurette akakaa. "Kumbe mi njo nilikuwa prévu," akasema polepole, sijui kwa Frédéric au kwangu. Machozi yalikuja wakati huo, mengi, na ile leso nyeupe ikafanya kwa mara ya kwanza kazi iliyonunuliwa. Mimi nililia naye. Nililia kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili yangu, maana nami nina watu nyumbani wanaoniambia soma tu, usijali, na sijawahi kuwauliza ni kwa nini.

Frédéric alikuwa bado yuko hewani, anaita Yaya, Yaya. Laurette akajifuta.

"Jioni munafunga na nini?"

"Na bâche. Tunakamata ile turubai, tunafunga na kamba. Odette analala na wasiwasi."

"Hamuna mlango?"

"Vibanda bilitoka bila milango, Yaya. Milango bado." Akasita. "Banasema iko prévu."

Laurette aliangua kicheko kikubwa, machozi bado yanamtiririka, mpaka yule laoban naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kesho yake tulikuwa kwa Abdulsamad kupakia mlango, ule ambao sikuwahi kuutafutia mnunuzi. Alitoa fomu ya mzigo, akaanza kuijaza kwa mazoea. "Mpokeaji Frédéric, kama kawaida?"

"Hapana. Andika Laurette."

Abdulsamad akanitazama, nikatazama dari. Akaandika. "Na utaupokea lini, mama? Bandarini wanataka tarehe, mzigo usikae bure."

"Leta, niandike mwenyewe."

Akachukua kalamu. Kwa mazoea ya miaka yote hiyo mkono wake ukaanza kuandika p, kisha r, kisha e ile yenye alama juu. Akaacha. Akazikata zote tatu kwa mstari mmoja mnene, na juu yake akaandika: 14 Machi.