Siku Niliyojishona Mbele ya Mkwe

Nitenganishe mapema niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu mkasa huu umekwisha kupita midomo mingi hapa Kagongwa na kila mdomo umeongeza kiraka chake. Niliyasikia maneno kwamba nilikimbia uani bila nguo. Hilo si kweli. Sikukimbia, nisingeweza kukimbia hata kama ningetaka, na sababu ya kutoweza ndiyo aibu yenyewe, ambayo naikiri mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hisabati, kabla hamjaisikia kwa mwingine.

Neema ni mke wa mwanangu Masanja. Masanja yuko machimboni Geita na huja nyumbani mara mojamoja, kwa hiyo tangu mke wangu afariki nyumba hii tunakaa wawili, mimi na mkamwana wangu. Nilipofanyiwa upasuaji wa macho ni Neema aliyenitia dawa, tone kwa tone, asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikaweza tena kusoma maandishi madogo. Sikumshukuru. (Nimezaliwa katika kizazi cha wanaume wanaodhani kwamba kumaliza ugali wote kwenye sahani ni shukrani tosha.) Neno lilikataa kutoka, nikaamua kulishona.

Kila Neema alipokwenda shambani nilikaa kwenye cherehani yake na kufanya mazoezi. Nilikata mabaki ya vitenge kuwa miraba, nikipima kwa rula ileile niliyofundishia, nikaiunganisha minne minne. Kipande cha kwanza nilichokitoa hakikuwa mraba kwa tafsiri yoyote ya hisabati ninayoifahamu, cha pili kilikuwa na pembe tatu zilizokubaliana na moja iliyosusa, lakini niliendelea, na baada ya majuma kadhaa pembe zikaanza kukutana. Ndipo nikaingia kwenye tandiko lenyewe, zito la kujifunikia: viraka juu, pamba ya shamba letu katikati (niliichambua kwa mikono yangu), shuka chini, kisha unapitisha mishono juu ya tabaka zote tatu ili pamba isihame. Shuka la chini lilikuwa la bluu. Nilikuwa nayo mawili, yaliyofanana kabisa. La pili lilikuwa kiunoni mwangu.

Siku hiyo alasiri ulibaki mstari mmoja tu. Jirani yangu, Mama Ester, akasimama upande wa pili wa uzio wa minyaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mama yake Neema ameshuka stendi. Nasikia kaja kumchukua mtoto wake."

"Umemwona?"

"Mimi sijamwona. Kaniambia wa bodaboda."

"Yeye alimwona?"

"Kaambiwa na mwenzake."

"Basi hakuna aliyeshuka," nikamwambia, nikarudi ndani.

Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Mtu mwingine angekwenda kuvaa suruali. Mimi, kwa kuwa sikuona ushahidi, nilikaa tena na shuka langu, nikalipakata tandiko lililokuwa zito kama ndama, macho kwenye mstari, miguu kwenye pedali, na nikashona mshono ulionyooka kuliko yote niliyowahi kushona maishani. Karibu na mwisho cherehani ilinguruma na kukwama, uzi umejisokota chini ya sindano. Na hapohapo nikasikia, "Hodi."

Mlangoni alikuwa mkwe wangu wa Runzewe, mama yake Neema, na nyuma yake Neema mwenyewe, jembe bado begani, maana walikutana njiani.

"Mwadila, mkwe," akanisalimu Kisukuma.

Mkwe hupokelewa kwa kusimama. Hakuna mtu wa kwetu asiyelijua hilo. Nikainuka. Shuka halikuinuka. Nilitazama chini nikaona ule mshono wangu mzuri umepita juu ya viraka, pamba, shuka la chini, na shuka la kiunoni, vyote vimekuwa kitu kimoja, na sindano imeving'ang'ania. Nikakaa.

"Mwadila," nikajibu, nimekaa kama chifu.

Mkwe aliutua mfuko wake. "Sawa," akasema. "Niliambiwa, nikakataa kuamini. Kumbe hata kusimamiwa sistahili. Neema, funga nguo zako."

"Mama, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Niliambiwa umekuwa mtumishi wa mzee asiye na neno la asante. Amewahi kukuambia wabeja? Hata siku moja?"

Neema alilishusha jembe begani. Nilifungua kinywa niseme kwamba maneno ya kuambiwa si ushahidi, nikakifunga, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya kuambiwa na yalikuwa kweli. Nikaona nyumba hii bila Neema. Nikaamua nisimame, liwalo na liwe. Nikasimama wima, fundo la kiunoni likafunguka, shuka likabaki kwenye cherehani, nami nikabaki mbele ya mkwe na kaptula ya michezo ya enzi za ualimu, yenye tundu mahali ambapo sitapataja.

Mkwe aligeukia ukuta mara moja (kwa hilo namheshimu hadi leo). Mimi nikaketi kwa kishindo na kujifunika tandiko hadi kifuani.

Neema akaushika upindo wa tandiko. "Baba, hii ni nini?"

"Ni yako."

"Yangu?"

"Kwa ajili ya ile dawa ya macho. Pembe za juu hazikukutana vizuri. Nilikuwa bado najifunza."

"Anasemaje?" mkwe akauliza, uso ukutani.

"Anasema ni yangu, mama. Amejishona nayo."

Mabega ya mkwe yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, sikuwa na namna ya kuthibitisha. Kisha akauambia ukuta, "Mkwe, si ungesema tu wabeja? Mpaka ujishone?"

"Wabeja, Neema," nikasema. "Wabeja sana, mwanangu."

Neno lilitoka. Neema alipiga magoti kando ya cherehani, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, huku akisema mishono yangu ni midogo na imara kuliko yake, na mkwe akiuliza kila baada ya muda, "Tayari nigeuke?" na sisi tukijibu, "Bado." Alipofika mwisho, palipobaki upana wa kiganja, akaacha kufumua, akalikata shuka langu kuzunguka hapo. "Hapa pabaki, Baba," akasema.

Tangu siku hiyo sishoni bila suruali na mkanda. Mama Ester akiniletea habari bado namuuliza kama ameona mwenyewe, lakini namuuliza huku navaa.

Husemwa kwamba huko Runzewe mkwe huusimulia mkasa huu kwenye misiba na harusi. Sikuwepo, sithibitishi. Ninachoweza kukiapia ni cha asubuhi iliyofuata, stendi: mkwe alipanda basi na mfuko mmoja, uleule aliokuja nao, na Neema alikuwa amesimama kando yangu, amejifunika tandiko kwa ajili ya baridi, kile kipande cha bluu cha shuka langu kikiwa begani.