Fyuzi Iliyotuchelewesha Kumzika Skola

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Ni siku tuliyokwenda Madaba kumzika Skola. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza vipuri vya magari katika duka moja hapa Songea mjini, na Skola alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Aliolewa huko Madaba. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu, na mama yake, aliyekuwa huku Songea, hakuwahi kumuuguza. Kilichobaki kwa Mama Skola kilikuwa kimoja: kumwona mwanawe uso kwa uso kabla hajafukiwa.

Misa ilipangwa saa nane, kwa sababu padre alikuwa na kijiji kingine cha kwenda jioni. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuwaambia watungoje. Tuliondoka saa nne asubuhi na gari dogo la Kaizari, mdogo wake Mama Skola. Alikuwa amelinunua mwezi uleule, naye alilipenda kuliko akili yake.

Tulipopita Gumbiro gari likakohoa mara mbili, likazima. Kaizari akawasha. Stata ilizunguka vizuri tu, ila injini haikushika. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, na pampu ya mafuta ya gari lile ilikuwa chini ya kiti hicho. Ukifungua swichi, pampu iliyo nzima hunguruma kidogo kama nyuki kwenye chupa. Siku hiyo kimya. Mafundi waliokuja dukani kila siku walikuwa wamenifundisha jambo hilo, nami fyuzi za pampu nilikuwa nimeuza mpaka nimechoka.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba huenda fyuzi ya pampu imeungua. Kaizari hata hakugeuka. "Binti," akasema, "kaa ndani na mama."

Nikakaa. Hilo ndilo kosa langu, wala silipambi. Nililelewa kwa funika kombe mwanaharamu apite, nikalifunika kombe na rafiki yangu yuko ndani ya jeneza.

Wakaja wanaume wanne kutoka mashambani, na penye wengi pana mengi. Mmoja akasema petroli ina maji. Mwingine akafungua plagi zote, akazifuta kwa shati lake, akazirudisha. Wakalisukuma gari mbele, wakalisukuma nyuma. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na gari, lakini kila mmoja alisikilizwa, kwa sababu tu alivaa suruali. Basi la kwenda Njombe kupitia Madaba likatokea, likapunguza mwendo, na Kaizari akalipungia mkono liendelee. Dakika tano tu, alisema. Mpaka leo ningeweza kumzaba kofi kwa dakika tano zile, Mungu amrehemu.

Ilipofika saa nane Mama Skola, ambaye tangu asubuhi alikuwa na rozari tu mkononi, akanigeukia. Akaniuliza nilisema nini pale mwanzo. Nikamweleza. Akauliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo, ndiyo kazi yangu. Akafungua mlango, akashuka, akawaambia wale wanaume wote wakae pembeni, na mdogo wake akiwemo.

Boksi la fyuzi lilikuwa chini ya usukani, na mchoro wake nyuma ya kifuniko. Nilizima swichi, nikachomoa ya pampu, nikaielekeza juani: kile kiwaya cha ndani kimekatika na plastiki imeingia weusi. Ilikuwa ya buluu, namba kumi na tano. Ya honi nayo ilikuwa kumi na tano, nikaichomoa nikaiweka pale. Honi tungeweza kuikosa. Nilipofungua swichi pampu ikanguruma, na gari likawaka mara moja. Kwa muda huo hata kikombe cha chai kisingepoa.

Na wewe unayechukua waya wa shaba ukauweka badala ya fyuzi, nakuona, na unaniudhi. Weka namba ileile. Ikiungua tena, tafuta kilichoiunguza. Usiibadilishe kwa kubwa zaidi, utachoma gari na watu wake. Kesho yake fundi aliona waya chini ya kile kiti umechubuka na kugusa bodi.

Tulifika Madaba saa tisa na nusu. Padre alikuwa amengoja kadiri alivyoweza, kisha akaondoka. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na akina mama walikuwa wakipanga maua. Mama Skola akakaa chini, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

Baadaye nilimpigia magoti nikaanza kuwalaumu wale wanaume, hasa yule wa plagi na shati lake. Akanikatiza taratibu.

"Wao hawakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Hakuniambia lingine, na hakuwahi kulirudia mpaka alipokufa.

Sasa nisikie, mwanangu, na hasa wewe wa kike. Kuwaheshimu wakubwa ni wajibu, nami shikamoo zangu nazitaka zote. Lakini anayejua akanyamaza hana tofauti na asiyejua, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa asiyejua ana cha kujitetea. Ukiambiwa kaa ndani na unajua dawa iko wapi, toka nje. Sema mara ya pili, sema ya tatu, fungua boksi mwenyewe. Wakinuna, wanune. Atakayenuna leo kesho atakula, lakini mama aliyekosa kumuaga mwanawe hapati siku nyingine.

Mungu akupe ujuzi, na akupe na mdomo wa kuusema. Mikono yako isaidie kwa wakati. Na kila unayempenda, umfikie uso wake ukiwa bado unaonekana.