Maziwa Tuliyowapa Watu wa Chuo

Kazi niliipata kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na niliweza kuvuka Kibera bila kuuliza njia. Hayo tu. Watu wa chuo kikuu walitaka kujua magonjwa yetu yanatoka wapi: kwa mifugo, kwa mitaro, au kwa sisi wenyewe. Daktari wa mifugo aliyetuongoza alisema siku ya kwanza kwamba afya ya mtu, ya mnyama na ya mahali wanapoishi ni kitu kimoja. Nilicheka kimoyomoyo. Nyumba yangu nyuma ya Soko la Toi ilikuwa na mtaro mlangoni, na kuku wa jirani walitagia chini ya kitanda changu. Elimu hiyo nilikuwa nalala nayo.

Tulimaliza Kibera tukahamia Kawangware. Huko, katika kijimtaa wanachokiita Kongo, ndiko alikokuwa amepanga dada yangu mkubwa na mumewe, fundi viatu, pamoja na mbuzi wawili nyuma ya choo. Dada alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Mama mmoja wa kanisani alimshauri anywe maziwa ya mbuzi mabichi, yakiwa bado na joto la kiwele, ati ndiyo hushikilia mimba. Ukichemsha unaua nguvu. Basi kila asubuhi alikunywa kikombe kizima.

Mimi nilikuwa nasoma fomu zetu. Nilijua kwa nini zinauliza kama mbuzi ametupa mimba: ugonjwa huo hupita kwenye maziwa mabichi, na mwanamke naye huweza kupoteza mimba. Mbuzi mmoja wa dada alikuwa ametupa hata Pasaka haijafika. Nikamwomba achemshe.

"Tangu lini yai likamfundisha kuku kutaga?" akanicheka. "Haya maziwa ndiyo yamekulea wewe. Ona hicho kichwa!"

"Basi tupime."

"Pima, bwana. Nani amekukataza?"

Kwa vile mbuzi hukamwa alfajiri, kawaida yetu ilikuwa kuacha chupa ya sampuli jioni na kuichukua asubuhi. Nikamwachia yake. Kesho yake niliikuta imejaa, imefungwa kwa kitambaa cheupe kama sadaka. Nilifurahi kwamba angalau hili amelitilia maanani.

Jibu lilirudi: maziwa hayana kitu. Barua niliipeleka mwenyewe, karibu nikimbie. Nikamsomea. Dada akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia, kisha akaibandika barua ukutani. "Umeona sasa, profesa?" Nikacheka naye, na kikombe nikanywa.

Baada ya wiki chache akaanza homa. Inakuja, inakwenda, inarudi. Viungo vinauma, jasho linalowesha shuka. Zahanati walisema malaria. Walipoishiwa na malaria wakasema taifodi. Jumapili moja nilienda kumwona, nikamkuta jirani amekaa naye, wanachambua maharagwe na kuwasema watu wa chuo.

"Lakini walitusumbua," jirani akasema. "Kuni zote ziliishia kwa kuchemsha maziwa yao."

Nikauliza maziwa gani.

"Si yale ya chupa? Kwani utampa mgeni wa chuo maziwa mabichi? Waende waseme sisi tuliotoka mkoa wa Western ni wachafu?"

Nilimgeukia dada. Akatikisa kichwa kukubali, tena kwa fahari. "Hata maji niliwachemshia. Na chupa yako nikaisugua kwa majivu."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ule ukarimu wote wa Kongo ulikuwa umeingia maabara, ukachunguzwa, ukaonekana safi, na mimi, mjinga mkubwa, ndiye niliyerudi kuwasomea barua. Hakuna aliyetudanganya. Walitupatia kilicho bora.

Kesho yake nilimkimbilia daktari. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Akasema dada apelekwe hospitali kubwa apimwe damu, na maziwa tutachukua upya, ila chupa mpya lazima zipitishwe na wakubwa. Nilitaka kupiga ukuta ngumi. Nilimwambia shemeji, tukapanga kumpeleka dada Ijumaa.

Alhamisi uchungu ukaanza. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Alikuwa mtoto wa kike.

Shemeji hakuweza tena kuwatazama wale mbuzi. Siku ya pili aliwaswaga mpaka Dagoretti akawaachia wachinjaji. Chupa mpya zilipofika, hakukuwa na wa kukamwa.

Dada alipopata nguvu za kutoka nje, alikuta kamba mbili zimelala chini. Akaniita, akaniambia nimweleze, na nisimfiche. Nikamweleza yote, kuanzia mbuzi aliyetupa mimba mpaka chupa. Alinisikiliza bila kulia.

"Kwa hivyo ningekupa yale mabichi," akasema, "ungeniletea barua nyingine."

"Ndiyo."

"Na ningeyaacha. Na mtoto angeishi."

Nikisema ndiyo, nimemmaliza. Nikisema hapana, ni uongo. Mbuzi walishaliwa, na damu ya dada hakuna aliyewahi kuipima.

"Dada, sijui," nikasema. Na haki ya Mungu sikujua. Mpaka leo sijui.

Akaninyooshea kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

"Haya, enda kazi," akasema. "Watu wako wanakungoja."