Kondo Lililoachwa Tumboni

Nakumbuka, mwanangu, siku bwana mganga wa misheni aliponiuliza swali moja tu, nami nikainamisha macho nikanyamaza. Mjerumani alikuwa bado anatawala huku kwetu Kyela. Nilikuwa mwanamke tayari, nina mtoto mmoja, na nilijiona najua kila kitu.

Aliyelala kitandani ni dada yangu Tusekile. Mimba yake ilipitiliza miezi, uchungu haukuja. Mkunga wetu kule Ngonga, Bibi Subilaga, alimpapasa tumbo akakuta mguu wa mtoto uko juu juu, chini ya ngozi tu. Akaondoa mikono. Akasema, "Hili silijui. Mpelekeni misheni." Wanaume wakambeba kwa machela.

Bwana mganga alimpasua. Mtoto alikuwa amekaa nje ya mji wa mimba, katikati ya utumbo, naye alikuwa ameshakufa. Tulilia sana. Kisha bwana mganga akatueleza kupitia mkalimani: kondo la nyuma limeshikana na utumbo, akilibandua damu haitazuilika. Ameliacha humo humo, mwili utalimaliza wenyewe polepole. Mgonjwa asipewe dawa yoyote ya kulitoa.

Sasa, mwanangu, kwetu kondo lilikuwa likizikwa migombani nyuma ya nyumba, ndipo mzazi anahesabiwa kuwa amemaliza kuzaa. Mama mkwe wa dada alikuja kumwona mgonjwa, akaniuliza limezikwa wapi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na moyoni nilikwisha kujiambia kwamba yule Mzungu alichoka tu, akaacha kazi nusu. Aliyempikia dada pale misheni ni mimi. Nikachuma majani waliyokuwa wakipewa wazazi ambao kondo limechelewa kutoka, nikayachemsha, nikachanganya kwenye uji wake. Siku ya kwanza hapakuwa na kitu. Siku ya pili tumbo lilimkata, akaanza kutokwa damu, midomo ikapauka.

"Amekula nini?" bwana mganga akaniuliza. Hapo ndipo niliponyamaza.

Bibi Subilaga alikuwa amekuja kumjulia hali. Alikinusa chungu changu, akanitazama. Hakupaza sauti.

"Mimi nimezalisha mpaka nimesahau idadi, na nilisimama mbele ya watu nikasema sijui. Wewe uliyezaa mara moja umejulia wapi? Haya, mwambie."

Nikasema yote, majani na uji. Bwana mganga hakunigombeza, pengine hakuwa na nafasi. Alimfungua dada tumbo mara ya pili, akaziba palipokuwa panavuja. Siku tatu hatukujua kama ni mtu wa kuishi au wa kuzikwa. Akaishi, ingawa ilichukua miezi mingi kabla hajashika jembe.

Miaka ikapita. Siku moja tulikuwa tunapalilia mpunga, wawili tu, nikapiga magoti matopeni nikamwomba radhi. Nilidhani hajui ilikuwaje. Akaendelea kung'oa magugu.

"Ule uji ulikuwa mchungu, mdogo wangu. Nilijua tangu funda la kwanza," akasema. "Niliunywa kwa sababu umeuleta wewe."

Nimezeeka, mwanangu, na maneno hayo hayajanitoka.

Kesho unakwenda hospitali kumuuguza wifi yako, ndiyo maana nimekuita. Ukikatazwa jambo na huelewi kwa nini, uliza. Uliza hata mara tatu, hata wakikuona mjinga. Na ukikosea, sema saa ile ile, usingoje mtu mwingine akinuse chungu chako. Aibu yangu ingepita kwa siku mbili, lakini kunyamaza kwangu nusura kumzike dada. Mgonjwa hana nguvu ya kukuchunguza, atakunywa chochote utakachompa kwa sababu kimetoka kwako.

Nenda salama. Kyala, Mungu wetu, aibariki mikono yako, na umlishaye ainuke.